Mchezo au Sacco kwa muuzaji wa soko la Kongowea, Mombasa?

Mchezo wa watu 10, kila mmoja shilingi 500 kwa wiki, humpa mwenye zamu 5,000. Utamu wake ni huo: mtu hachoki kuchanga akijua wiki ya saba ni yake. Lakini hauzai faida, na aliyekula mapema akihama, wa mwisho ndiye analia. (Wageni wawekwe mkiani.)

Sacco, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, huenda polepole. Hiyo 500 hufika 26,000 kwa mwaka, na riba juu yake mwaka ukiwa mzuri. Akiba huichomoi ovyo. Mpaka ujitoe uanachama, kwa kawaida kwa notisi ya siku 60. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, ukiwa na wadhamini. Kwa kiwanja, Sacco, mradi ina kibali cha mwaka huu cha SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco. Kwa kitu kisichozidi 5,000, mchezo watosha.