Hema la Likizo ya Maziwa na Milima ya Kaskazini: Usilipe Kabla ya Kukagua Paa la Nje

Tangu kipupwe kiingie, wasomaji wananiandikia jambo moja kwa maneno tofauti kidogo: "Dada, hema limevuja na mvua haikunyesha." Mmoja alikuwa Lushoto, karibu na msitu wa Magamba. Mwingine Ziwa Chala. Mwingine alikwenda kreta ya Empakaai na watoto, wakaamka magodoro yamelowa na nguo za kubadilisha zimelowa pia. Wengi wamerudi kwa muuzaji, na muuzaji, badala ya kuwaambia ukweli, akawauzia gundi ya kuzibia mishono.

Mishono haikuwa na kosa. Hema lilitoka jasho. Watu wawili wakilala usiku kucha hutoa maji kwa pumzi na kwa ngozi, na mvuke huo lazima uende mahali. Usiku anga likiwa halina wingu, kitambaa cha hema hupoa kuliko hata hewa inayokizunguka, na mvuke ukikigusa unageuka maji, kama kwenye mfuniko wa sufuria ya wali. Kando ya ziwa hewa ya nje nayo imeshiba unyevu. Mlimani baridi inazidi. Ndiyo maana safari ya maziwa na milima hulitesa hema kuliko safari ya mbuga kavu, na ndiyo maana hema lililomfaa rafiki yako kule linakuangusha wewe huku.

Dawa yake ni tabaka mbili, na hili wauzaji hawalisemi. Hema zuri lina chumba cha ndani cha neti au kitambaa kinachopitisha hewa, kisha paa la nje lisilopitisha maji, na kati yake pana nafasi. Mvuke unapenya chumba, unageuka maji kwenye paa la nje, unateremka hadi ardhini bila kukugusa. Hema la tabaka moja halina njia hiyo. Maji yanabaki na wewe. Halafu yako yale yenye paa dogo la nje linaloishia juu tu, huku kuta za pembeni zikiwa tabaka moja. Kwenye picha ya boksi huwezi kugundua.

Muuzaji atakuonyesha lebo ya milimita 2,000 au 3,000. Namba hiyo inapima uwezo wa kitambaa kuzuia maji ya mvua yanayosukuma kutoka nje. Haihusu kabisa maji yanayotoka kwenye pumzi zako.

Kwa hiyo mwambie alisimamishe. Ingia, funga zipu, sukuma ukuta kwa mkono. Ukikuta unaligusa paa la nje moja kwa moja, toka na uache. Kisha uiname nje uone pindo la paa linaishia wapi; lisizidi upana wa kiganja kutoka ardhini. Angalia juu kama kuna tundu la hewa lenye kifuniko, linaloweza kubaki wazi hata mvua ikinyesha, kwa sababu mvuke hupanda, na bila tundu hilo hata tabaka mbili zinashindwa. Mwisho tafuta vitanzi vya kamba katikati ya kuta za paa la nje, si vile vya chini tu. Kule Ziwa Natron upepo ukivuma usiku, paa lisilovutwa na kamba linasukumwa hadi linagusana na chumba cha ndani, na hapo tabaka mbili zimekuwa moja na shuka zitalowa. Watu wengi wana hema zuri na kamba hizo zimebaki kwenye mfuko, zimefungwa vile vile zilivyotoka dukani.

Rangi, mifuko ya ndani na ndoano ya taa sina haja navyo. Idadi ya watu iliyoandikwa, punguza mmoja.

Kabla sijayapanga mahema kwa ubora, okoa hela zako kwanza. Kama safari yako ni Kilimanjaro, hema si la kununua: huruhusiwi kupanda bila kampuni yenye leseni, kampuni ndiyo inaleta mahema, na njia ya Marangu watu hulala kwenye vibanda. Mlima Meru pia unalala vibandani, Miriakamba kisha Saddle. Ninaowaandikia hapa ni wanaokwenda Natron kutazama heroe na kupanda Ol Doinyo Lengai, mita 2,962, ambao huanza kupanda usiku wa manane kukwepa jua; wanaotembea Usambara kutoka kijiji hadi kijiji; wanaolala Chala wakiitazama Kilimanjaro asubuhi.

Namba moja: Quechua MH100. Naipenda chapa hii na sifichi. Ni ya Decathlon, Wafaransa wanaouza vifaa vya michezo, na ilizaliwa mwaka 1997 kwa ajili ya watu wa milimani. Hema hili lina chumba cha ndani kamili na paa linaloshuka hadi karibu na ardhi pande zote. Kuna mahema ya bei mara tatu yanayoshindwa kufanya hivyo. Sakafu yake ni ngumu, haiogopi kokoto. Kasoro ninazijua: fito ni za faibaglasi, zikipindwa vibaya zinapasuka, kwa hiyo beba kipande cha bomba la kuungia na mkanda wa gundi. Vigingi vyake ni vyembamba na ardhi ya volkano ya Natron itavipinda. Mpe fundi wa kuchomelea nondo ya milimita 6 akukatie vipande na kuvikunja kichwa. Vitadumu kuliko hema lenyewe. Usichanganye na ndugu yake, 2 Seconds, linalojifungua lenyewe likirushwa. Hilo likikunjwa linakuwa duara kubwa ambalo halikai vizuri kwenye buti ya Noah wala juu ya bodaboda, na kulikunja ni mtihani kwa asiyefundishwa.

Namba mbili: Naturehike Cloud Up 2. La Kichina, tabaka mbili, fito za alumini, uzito chini ya kilo mbili. Anayetembea na mzigo mgongoni kutoka Lushoto kwenda Mtae achukue hili, hata mbele ya Quechua yangu. Lakini paa lake linainama upande wa miguu, na mtu mrefu atagusa kitambaa kwa ncha ya begi la kulalia. Begi litaamka limelowa hapo. Lala kimshazari ukiwa peke yako, au funika miguu kwa koti la mvua. Sakafu ni nyembamba. Kwenye miiba ya migunga tandika turubai kwanza.

Namba tatu: Mountain Hardwear Trango, lililotumika. Haya utayaona kwenye kambi za Kilimanjaro, na kampuni zinapobadilisha vifaa baadhi huishia mikononi mwa wauzaji wa Moshi. Ni imara kweli, na upepo haulibabaishi. Lakini ni kama kilo nne, na Natron, bonde lililo kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, utapikika humo. La mtumba lipapase upande wa ndani wa paa. Kama linanata vidole na linatoa harufu ya uchachu, mipako yake imeshaoza na hakuna fundi wa kuirudisha.

Namba nne: Coleman Sundome. Juu lina neti kubwa, kwa hiyo hewa inatembea, na kwa joto la Natron ni zuri. Tatizo ni lile lile: paa la nje linafunika sehemu ya juu tu. Manyunyu ya Magamba yakija na upepo, kuta za pembeni ni tabaka moja.

Mahema ya bei ya chini ya tabaka moja, yale ya rangi mbili yanayotundikwa mbele ya maduka: yanafaa watoto kuchezea uani.

Kinachoniuma ni namna tunavyouziwa. Unaomba kufungua hema, unaambiwa "likifunguliwa limenunuliwa." Hema! Kitu ambacho ubora wake wote hauonekani mpaka lisimame! Nguo tunajaribu, simu tunawasha, hema tunaambiwa tuamini boksi. Kisha unatajiwa bei kwa dola, wewe Mtanzania, ndani ya Arusha, ilhali kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei na kudai malipo kwa fedha za kigeni. Ukiuliza shilingi, inakuja na nyongeza isiyoeleweka. Ukiomba risiti, VAT ya asilimia 18 inatokea ghafla juu ya bei mliyokwisha kukubaliana. Taja shilingi wewe kwanza, sema unataka risiti kabla ya kuanza kupatana, na anayekataa kufungua muache na hema lake.

Na ninyi ambao tayari mna tabaka moja na safari ni wiki ijayo: msipige hema ukingoni mwa ziwa wala kwenye bonde ambamo hewa baridi hutuama usiku. Pandeni kidogo, mkae chini ya matawi ya mti mzima usio na tawi kavu, maana kitambaa kilichofunikwa na mti hakipoi sana. Madirisha ya pande mbili yabaki wazi, neti zikiwa zimefungwa, hata kama kuna baridi. Nguo zenye maji na viatu vilivyolowa vikae nje chini ya turubai. Asubuhi futeni kuta kwa kitambaa kabla jua halijazipasha, na hema lianikwe mpaka likauke kabisa ndipo likunjwe. Likikunjwa bichi litaota ukungu na harufu hiyo haitoki.