Servo ya gia za chuma kwa usukani wa boti ya rimoti, kwa ziwa letu inafaa

Wadau wa boti za rimoti hapa Mwanza, hii servo ndogo (kimota kinachogeuza usukani) ya gia za chuma naikubali kabisa, maana zile za gia za plastiki usukani ukinasa tu kwenye magugu maji meno yanakatika, boti inabaki inazunguka huko mbali na wewe upo ufukweni. Kuifunga sasa ndo penye kazi: washa rimoti kwanza, trimu (kile kirekebishi kidogo cha kunyoosha mwelekeo kwenye rimoti) iwe sifuri, servo ijiweke katikati yenyewe, ndo uvalishe kile kimkono chake kikae pembe mraba na waya wa kusukuma, ule unaokiunganisha na usukani, huku usukani umenyooka, ukivalisha kabla hujawasha boti itavuta upande mmoja na trimu haitatosha kurekebisha. Usukani ukigeuka nyuzi 30 mpaka 35 kila upande zinatosha, ukizidisha usukani unageuka breki tu. Haizuii maji lakini, kwa hiyo bomba la shafti ya usukani lijaze grisi, yale mawimbi ya upepo wa mchana Capri Point si ya kuchezea. Waya wake tu ndo mfupi, imebidi niunge ufike kwenye risiva, kile kifaa ndani ya boti kinachopokea mawimbi ya rimoti.