Swichi ya TP-Link LS1005G: yenyewe poa, waya ndio ulinitesa

Mimi naediti video za kwanjula (sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) hapa Kansanga, Kampala, na faili za kwanjula moja zinafika GB 60 bila shida. Zamani nilikuwa nazihamisha kwa WiFi kutoka kompyuta ya sebuleni hadi ile ya chumba cha nyuma, kuta mbili za matofali katikati, unaanzisha jioni unaenda kulala. Nikasema basi, navuta waya nyumba nzima.

Swichi, yaani kile kiboksi cha kuunganisha kompyuta kwa waya, nikachukua hii LS1005G, matundu matano, shilingi elfu sitini na tano za Uganda. Angalieni hiyo G ya mwisho jamani, maana kuna LS1005 bila G na ukisoma haraka huoni tofauti, hiyo kasi yake inaishia Mbps 100, hii ni gigabiti, yaani Mbps 1000. Hakuna cha kuseti, unachomeka umeme unachomeka waya kazi inaanza, haina feni kwa hiyo kimya kabisa, na umeme ukikatika ukirudi (mnajua Kampala) inajiwasha yenyewe. Kwa swichi sina neno.

Sasa waya. Kuna duka mjini, silitaji, waliniuzia kebo imeandikwa Cat6 (daraja la waya wa mtandao) kwa shilingi 1,000 mita, wenzao walikuwa wanataka 2,500, mimi nikajiona mjanja. Fundi akaja akavuta mita 40 na kitu, akabana vichwa vya kuchomeka, nikamlipa, akapanda boda huyo akaenda. Nacheki kompyuta imeandika Mbps 100 badala ya 1000. Najaribu kuhamisha faili, MB 11 kwa sekunde, yaani hiyo GB 60 ni karibu saa moja na nusu. Nikampigia fundi, "kaka mbona hii kitu inajikokota hivi?" ananijibu, "Ssebo, intaneti yako ndiyo iko slo." Intaneti inaingiaje hapo na mimi nahamisha mzigo kutoka sebuleni kwenda chumbani?

Ikabidi nikate kichwa mwenyewe. Uzi wa kahawia ulikuwa umekatikia ndani. Nikakwangua mwingine na wembe, juu rangi ya shaba, chini yake nyeupe kama sufuria. Alumini imepakwa shaba! Hiyo ukiikunja mara mbili tatu imekatika, na gigabiti inataka nyuzi zote nane ziwe nzima, ukikosekana mmoja kama huo wa kahawia inashuka hadi 100 ambayo inatumia nne tu, na kahawia haimo.

Nikarudi mjini, duka lingine, safari hii na wembe mfukoni, muuzaji akacheka ila akanikatia kipande nikwangue. Nilichukua Cat5e ya shaba tupu, daraja moja chini ya Cat6, maana gigabiti inapita humo hadi mita 100 na swichi yangu kasi yake haizidi gigabiti, Cat6 ningelipia jina tu. Nikabana mwenyewe: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, pande zote mbili hivyohivyo. Vichwa vitatu niliviharibu, cha nne kikakubali. Na huko juu ya dari nikaupitisha mbali na waya za umeme, fundi alikuwa amezifunga pamoja kama kuni.

Sasa hivi naona MB 112 kwa sekunde, kwanjula nzima inahama dakika tisa hivi, chai haijapoa. Ile Cat6 feki tumeifunga nyuma ya nyumba, madam anaanikia nguo.