Gari la Kambi la Familia: Lipi la Kununua Kwanza, Lipi la Kuliacha

Anayetafuta gari la kambi kwa mara ya kwanza huanza na injini, halafu friji, halafu sola. Aliyekwisha kulala ndani ya gari lake misimu kadhaa huzungumzia mambo mengine: kitanda kinachotandikwa kabla watoto hawajaanza kusinzia, vumbi lisilofika kwenye mashuka, hewa inayopita usiku, bomba la maji linaloweza kubadilishwa na fundi yeyote wa Karatu au Mpanda. Na juu ya hayo yote, atakwambia anataka kutoka kwenye kiti cha dereva hadi kitandani bila kufungua mlango.

Hilo la mwisho ndilo nililolitumia kupanga orodha hii, na sababu yake ni ya huku kwetu. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo usiku una urefu wa saa 12 hivi, mwaka mzima. Kambi nyingi za umma hifadhini, za Seronera au ile ya Simba kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, hazina uzio. Pale Simba tembo huja kutafuta maji katikati ya mahema, na fisi hupita popote penye harufu ya nyama. Sasa fikiria mtoto wa miaka minne amebanwa na haja ndogo saa nane za usiku. Gari lililosanifiwa vizuri humwezesha mama kumaliza shida hiyo humo humo ndani, kwa ndoo yenye mfuniko na taa hafifu. Gari lililosanifiwa vibaya humlazimisha kushuka ngazi gizani akiwa amembeba.

Nimezipanga aina tano, nikichukulia kuwa mnunuzi ana familia ya watu wanne, yuko Tanzania, anataka kwenda hifadhini na pia ufukweni, na gari hilo hilo atalipeleka kazini siku za kawaida.

Ya kwanza: Land Cruiser 70 ya hardtop yenye paa la kunyanyuka

Mfano wa 70 umekuwepo tangu 1984, na hardtop ndefu ya 78, yaani yenye bodi iliyofungwa yote kwa bati, ndiyo inayobeba watalii wengi wa kaskazini. Usichanganye paa la gari la utalii na paa la kulalia. Lile la utalii hunyanyuliwa ili abiria wasimame waangalie wanyama, na pembeni huwa wazi. La kulalia lina kuta za turubai, madirisha ya wavu na ubao wa kitanda unaokunjwa juu. Watu wazima wawili hulala juu, watoto wawili chini kwenye viti vya ubavuni vilivyounganishwa kwa mbao. Paa likishanyanyuliwa, mtu mzima anasimama wima na kuvaa suruali yake kama yuko nyumbani.

Injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, haina haraka, na kwenye mlima wa Kitonga malori yatakuwa jirani zako. Lakini pampu yake ni ya kimakanika, haitegemei kompyuta, na vipuri vyake vinapatikana karibu kila mji wenye gereji. Kwa gari linalokwenda mbali na fundi wako wa kila siku, hilo lina thamani kuliko nguvu za farasi za ziada.

Mahali pa kukagua kwa makini ni pale paa lilipokatwa. Bati la paa ni sehemu ya uimara wa bodi. Fundi mzuri hulizungushia tundu fremu ya chuma, akaichomelea mfululizo, akaikwangua na kuipaka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje. Fundi wa haraka huchomelea vidoa vidoa na kuficha kazi yake chini ya zulia. Fungua zulia hilo. Pitisha kidole kwenye kona zote nne, kwa sababu kona ndizo zinazopasuka kwanza gari likipigwa na mawimbi ya barabara ya changarawe, kama ile ya kutoka lango la Naabi kwenda Seronera. Ukiona ufa mwembamba kama unywele uliopakwa silikoni, muuzaji anajua tatizo lilipo, ondoka.

Kasoro yake kubwa ni bei. Hardtop nzima hazishuki thamani upesi, kwa hiyo utalipa sana, ila na wewe siku ya kuuza utauza vizuri.

Ya pili: HiAce iliyogeuzwa

Kama safari zako ni za lami, yaani Bagamoyo, Pangani, Lushoto, Mikumi wakati wa kiangazi, basi hii ndiyo ya kwanza kwako wala usihangaike na hardtop. Hakuna gari lenye nafasi kubwa zaidi kwa fedha hiyo, na hakuna fundi wa daladala asiyelijua. Kutoka kiti cha mbele unaingia nyuma moja kwa moja, kama umechagua yenye upenyo katikati.

Hapa vipimo ndivyo vinavyoamua kila kitu, na wauzaji hawavisemi. HiAce ya kizazi cha 2004, bodi ya kawaida, ina upana wa mita 1.5 na kidogo kwa ndani. Hiyo ni futi tano. Kitanda kikiwekwa kwa kukingama, mtu mzima mrefu atalala amejikunja mpaka asubuhi. Kwa bodi hiyo kitanda lazima kifuate urefu wa gari, na kinameza nafasi ya jiko na makabati. Bodi pana ina mita 1.7 hivi, na kwa watu wengi kitanda cha kukingama kinawezekana. Kimo nacho ni hivyo hivyo: hata yenye paa refu hufika mita 1.6 na kidogo, kwa hiyo baba wa futi sita atavaa shati akiwa ameinama.

Tafuta ya mizigo iliyotoka Japani, usinunue iliyokuwa daladala hata ikipakwa rangi mpya. Daladala imeshusha na kupandisha abiria mchana kutwa kwa miaka. Sakafu, reli ya mlango wa pembeni na klachi vyote vimechoka pamoja. Kagua mfereji wa maji wa paa, kutu huanzia pale. Kwenye injini, petroli ya 2TR ni nyepesi kuitunza. Dizeli ya 1KD ina nguvu zaidi ya kuvuta, lakini nozeli zake ni za umeme na zinataka dizeli safi, kitu usichoweza kukihakikisha kwenye kituo kimoja cha mafuta kilichoko porini.

Tumbo lake liko chini. Serengeti wakati wa masika, kwenye udongo mweusi, halina kazi.

Ya tatu: gari ulilonalo, na hema juu ya keria

Mwenye Prado, Hilux au Forester anaweza kuanza hapa bila kununua gari jingine, na kwa vijana wawili wasio na watoto ningeipandisha hadi nafasi ya kwanza. Hema la kukunjwa lenye godoro lake hufunguliwa kwa dakika chache, unalala juu, hewa ni safi na maji ya mvua yanapita chini yako.

Ila pima uzito kabla ya kupenda rangi. Hema la aina hii lina kilo 50 hadi 80. Magari mengi ya familia yameruhusiwa kubeba juu, yakiwa yanatembea, kati ya kilo 50 na 100, na keria yenyewe imo ndani ya hesabu hiyo. Kiasi kimeandikwa kwenye kitabu cha gari lako, kisome. Gari likiwa limesimama linahimili zaidi, ndiyo maana watu kulala juu haileti shida. Shida ni kona ya haraka, upepo wa pembeni na breki za ghafla mzigo ukiwa juu. Usiongeze madumu ya maji huko, kwa sababu lita 20 ni kilo 20, na mahali pake ni sakafuni, katikati ya gari.

Na ile ngazi ya usiku bado ipo. Kwa familia yenye watoto wadogo hilo peke yake limeishusha hadi hapa.

Turubai la hema ama la kivuli lichague la kaki au kijani cha kufifia. Tarangire na sehemu za magharibi ya Serengeti zina mbung'o, na mbung'o hufuata bluu iliyokolea na nyeusi. Mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ajabu ni kwamba mahema ya bluu bado yanauzwa kwa wingi.

Ya nne: tela la kambi

Faida yake ni moja lakini nzuri: unalifungua kambini, unaliacha, unazunguka na gari tupu. Mafundi wa hapa wanaweza kutengeneza tela imara kwa springi za majani na ringi sawa na za gari lako, na ringi na tairi kufanana ni sharti, maana speatairi moja itaokoa vyote viwili. Lakini kulirudisha nyuma kwenye njia nyembamba kunataka mazoezi, vumbi lote la gari linatua juu yake, na watoto hawawezi kuhamia humo bila kushuka. Ni kwa wanaokaa sehemu moja wiki nzima.

Ya tano: nyumba kamili kutoka Japani

Picha zake mtandaoni zinavutia: choo, sinki, jiko, kitanda juu ya dereva, vyote juu ya chesisi ya Toyota Camroad au lori dogo. Naelewa kabisa kwa nini mtu anaipenda, na kwa anayekaa sehemu moja yenye lami na umeme inaweza kumfaa. Bado naiweka mwisho.

Kwanza, umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni 230. Ukichomeka gari hilo kwenye soketi ya kambi bila transfoma utaunguza chaja, oveni na kila kilichounganishwa. Pili, mitungi na vichwa vya gesi vyake havilingani na mtungi wetu wa kilo 6 unaouzwa kila duka. Tatu, makabati yake yamefungwa kwa skrubu ndogo kwa ajili ya barabara laini. Changarawe huzilegeza moja baada ya nyingine. Nne, magari haya yana uzito mwingi nyuma ya mhimili wa nyuma, na tairi za nyuma ndizo zinazolipa. Magari haya mengi pia ni ya zamani. Kenya hairuhusu gari la zaidi ya miaka minane kuingia, na Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu, kwa hiyo pitia kikokotoo cha ushuru cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kutuma hata shilingi.

Vya ndani, vyenye kustahili fedha yako

Friji ya kompresa ya volti 12, lita 40, ni bora kuliko friji ya nyumbani inayoendeshwa kwa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani. Kwenye joto la Mikumi hutumia ampea-saa (Ah) 30 hadi 40 kwa siku. Betri ya asidi ya Ah 100 isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo hiyo ni siku moja tu na ushei. Sola ya wati 100 hurudisha karibu Ah 30 jua likiwa zuri. Weka mbili, na betri ya friji itenganishwe na ya kuwashia gari.

Jiko liwe la kutolewa nje chini ya turubai. Gesi au mkaa ndani ya gari lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hufa usingizini. Usiku wa Ngorongoro, kwenye mita 2,300 na zaidi, baridi huwashawishi wengi kuingiza jiko la mkaa kidogo tu. Nunua blanketi nzito badala yake.

Makabati ya plaiwudi, siyo MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshinikizwa, inayovimba ikilowa. Godoro la inchi nne linatosha, mradi chini yake ubao uwe na matundu, la sivyo utalikuta na ukungu mwezi wa pili. Madirisha mawili yenye wavu yanayotazamana hushinda feni yoyote.

Kabla ya kulipa

Kwanza jaribio la vumbi. Bandika kitambaa cheupe ndani ya mlango wa nyuma, endesha nusu saa kwenye barabara ya vumbi vioo vikiwa vimefungwa, kisha kiangalie. Gari likitembea hujivutia vumbi lake kwa nyuma, na mpira wa mlango uliochoka ndio unaoliingiza. Mpira ni nafuu kubadilisha. Mlango uliopinda ni jambo jingine. Ukishanunua, washa feni ya hewa ya nje huku vioo vimefungwa, ili hewa isukume kutoka ndani kwenda nje.

Pili, ulizia TRA na kampuni yako ya bima kuhusu kadi ya gari lililopunguzwa viti au kukatwa paa. Bima isiyolijua gari lako lilivyo sasa itakusumbua siku ya ajali.

Tatu, mwombe muuzaji mlale humo usiku mmoja, familia nzima, hata ikiwa ni uani kwake. Tandikeni kitanda gizani kwa tochi moja. Pikeni chai. Mmoja ajifanye anaumwa tumbo saa tisa usiku, muone nani anamkanyaga nani. Muuzaji akikataa, hardtop na HiAce zipo nyingi, endelea na nyingine.