TP-Link Archer C6 kwa wanaofungua poti nyumbani: ruta iko sawa, kagua laini kwanza

Archer C6 si ruta mpya wala ya kutambia watu. Ni AC1200: Wi-Fi hadi 867 Mbps kwenye 5 GHz na 300 kwenye 2.4 GHz, matundu manne ya LAN (ya vifaa vya ndani) na moja la WAN (la intaneti), yote ya gigabiti. Hapa inapimwa kwa kazi moja tu, kufungua poti, yaani milango yenye namba ambayo ruta huitumia kupitisha maombi ya nje hadi kifaa cha ndani, ili mtu aliye nje afikie faili zilizo kwenye kompyuta ya nyumbani kwa Syncthing (programu ya kulandanisha folda), SFTP, FTP (njia za kuhamisha faili) au torenti. Kwa kazi hiyo inafaa. Wanaoirudisha dukani wakidai "poti hazifunguki" mara nyingi wanaisingizia.

Kosa huwa liko kwenye laini, na unaweza kulibaini bila kutoa hata senti. Fungua ukurasa wa hali wa ruta uliyonayo sasa, soma IP (anwani ya mtandao) ya upande wa WAN, kisha ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti kama canyouseeme.org. Zikifanana, endelea. Zikitofautiana, kuna NAT nyingine (kifaa kinachoweka wengi nyuma ya IP moja) juu yako. IP ya WAN ikiangukia kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, hiyo ni CGNAT, NAT ya mtoa huduma mwenyewe: wateja wengi wamewekwa nyuma ya IP moja, kama wapangaji wa geti moja ambalo mlinzi wake hajui nani anakaa chumba gani. Mgeni akifika, hapiti. Hakuna ruta ya bei yoyote itakayokusaidia hapo. Laini nyingi za 4G ziko hivyo, na Starlink ya kifurushi cha nyumbani vilevile. Dawa ni kumwomba mtoa huduma IP ya umma (inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti), na ujiandae kuilipia.

IP ya WAN ikianza na 192.168, mara nyingi mkwamo ni mdogo zaidi. Kile kiboksi cha faiba ulichofungiwa ukutani nacho ni ruta, na umeweka ruta nyuma ya ruta. Omba kiboksi kiwekwe kwenye hali ya daraja (bridge), yaani kiache kazi ya ruta, ili C6 ipokee IP ya umma yenyewe. Wakikataa, elekeza poti mara mbili: kwenye kiboksi kwenda kwa IP ya WAN ya C6, kisha kwenye C6 kwenda kwa kompyuta. Au geuza C6 iwe Access Point, yaani isambaze Wi-Fi tu, na kazi yote ya poti ifanyike kwenye kiboksi.

Jambo moja linalookoa pesa: Syncthing inahitaji upande mmoja tu uwe wazi. Kama ofisi ya Mwanza ina IP ya umma na nyumbani Dar ni 4G, fungua poti Mwanza peke yake. Dar ndiyo itakayopiga hodi. Pasipo poti iliyo wazi upande wowote, pande mbili zikishindwa kukutana moja kwa moja, Syncthing hupitisha faili kwenye seva za kati. Zitafika, ila polepole mno.

Sasa C6 yenyewe. Ingia tplinkwifi.net au 192.168.0.1. Kabla ya kugusa poti, ipe kompyuta anwani isiyohama: Advanced, Network, DHCP Server, halafu Address Reservation. Ruta hugawa anwani kutoka fungu kama 192.168.0.100 hadi 199, na ukiruka hatua hii, kompyuta iliyokuwa 105 jana itaamka 112 siku umeme ukirudi, na poti itaelekea kwenye televisheni. Hapa watu hunaswa na mambo mawili. Laptopu ina MAC mbili (namba ambazo ruta huzitumia kutambua kifaa), ya waya na ya Wi-Fi. Ukihifadhi ya Wi-Fi halafu ukachomeka kebo, ruta inaiona kama mashine nyingine kabisa. Pili, simu na Windows 11 zinaweza kutumia MAC ya kubahatisha. Zima chaguo hilo kwa Wi-Fi ya nyumbani.

Kisha nenda Advanced, NAT Forwarding, Port Forwarding. Kwenye matoleo ya zamani ukurasa huo unaitwa Virtual Servers, kwa hiyo usibabaike ukifuata video isiyofanana na skrini yako. Namba ya toleo iko kwenye lebo chini ya ruta. Bonyeza Add. Kwa Syncthing jaza IP uliyohifadhi, poti ya nje 22000, ya ndani 22000, itifaki All, kwa sababu inatumia TCP na UDP, njia mbili za kusafirisha data. Kwa SFTP weka ya nje namba kubwa kama 48222, ya ndani 22, TCP. Ukijaza masafa upande wa nje, mfano 50000-50050, acha sehemu ya ndani wazi. Hairuhusu masafa yatafsiriwe kwenda namba nyingine. Hifadhi. Haichukui dakika tano, na ruta haihitaji kuzimwa.

FTP ndiyo inayotesa. Poti 21 ni ya maagizo tu; orodha za faili na faili zenyewe hupita poti nyingine. Dalili yake ni ileile kila mara: nenosiri linakubaliwa, kisha orodha ya folda inazunguka bila kutokea. Chagua masafa ya passive (poti ambazo seva huzitumia kwa faili) kwenye seva, tuseme hayo 50000-50050, yaelekeze pia kwenye C6, na iambie seva IP yako ya umma. Kwa kweli, kama huna mteja anayeng'ang'ania FTP, tumia SFTP: poti moja, na kila kitu kimefichwa njiani.

Usipime ukiwa kwenye Wi-Fi ileile. Tumia simu yenye bando lake, Wi-Fi imezimwa. Na programu iwe inasikiliza wakati unapima, maana tovuti za kukagua zitasema poti imefungwa kama Syncthing haijawashwa, hata kama ruta haina kosa. Kwenye Windows andika netstat -ano | findstr 22000. Usipoona LISTENING, shida iko kwenye programu. Ukiiona na bado nje hawafiki, angalia faiwoli (kizuizi cha maombi ya nje) ya Windows, hasa kama mtandao wa nyumbani umewekwa Public badala ya Private. Kwa qBittorrent, kialama cha mwali wa njano chini ya dirisha maana yake maombi ya nje hayaingii.

IP ya umma inaweza kubadilika. Syncthing hujitafutia wenzake, haijali. SFTP inahitaji jina la kudumu, na C6 ina DDNS (jina linalofuata IP yako inapobadilika) ya TP-Link, NO-IP na DynDNS.

Usifungue poti 445 kwa intaneti ati ili folda ya Windows ionekane. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipenya kwa huduma hiyohiyo. Usitumie DMZ kama njia ya mkato, kwa kuwa inaianika kompyuta nzima. Zima na UPnP ukishapanga poti zako mwenyewe, maana inaruhusu programu yoyote ya ndani ijifungulie mlango. Kwenye SFTP tumia ufunguo (faili la siri la kuingilia), zima nenosiri. Namba 48222 hupunguza kelele za wabahatishaji, lakini si kufuli.

Mapungufu ya C6 ni mawili. Haikuruhusu kusema poti hii ifikiwe na IP ya ofisi tu, jambo ambalo ruta ya MikroTik hAP inalifanya kwa mstari mmoja wa faiwoli. Pia haina USB, hivyo huwezi kuchomeka diski kwenye ruta. Lazima kompyuta ibaki imewashwa. Ukitaka USB, tafuta Archer C6U.

Halafu piga hesabu ya kasi ya kupakia, si ya kupakua. Laini inayopakia kwa 10 Mbps hutoa takriban megabaiti 1.25 kwa sekunde, kwa hiyo video ya megabaiti 700 itamchukua mteja dakika tisa na zaidi. Hapo C6 inakuwa karibu imelala. Ikiwa umeme wenu ni wa kukatika, nunua UPS ndogo ya volti 12, soma ampea kwenye adapta ya ruta kwanza, na hakikisha kiboksi cha faiba nacho kimechomekwa humo.