Mwandishi ya Herbie Hancock: santuri ya kumpa mpiga besi

Napiga besi kwenye bendi ya dansi hapa Tanga. Kijana akija kuniuliza asikilize nini ili ajifunze, namtajia Mwandishi, santuri ya mpiga kinanda wa jazi wa Marekani Herbie Hancock, iliyotoka 1971. Wengi wanamjua Hancock kwa Head Hunters ya 1973, ile yenye fanki inayoinua watu vitini hadi leo. Naipenda sana. Ila bendi aliyokuwa nayo kabla ya hapo ndiyo niliyojifunzia kusikiliza wenzangu jukwaani.

Wanamuziki hawa walichukua majina ya Kiswahili, enzi ambayo Wamarekani weusi wengi walikuwa wakitafuta majina ya Afrika. Hancock akawa Mwandishi, Buster Williams wa besi Mchezaji, Billy Hart wa drams Jabali, Bennie Maupin Mwile, Julian Priester wa tromboni Pepo Mtoto. Eddie Henderson wa tarumbeta akaitwa Mganga, na kweli alikuwa daktari aliyesomea udaktari chuo kikuu. Nilipoyasoma majina hayo mara ya kwanza nilisisimka mwili mzima, maana ni watu wa mbali waliotamani kuwa karibu nasi.

Upande wa kwanza unafunguliwa na “Ostinato (Suite for Angela)”, wimbo aliotungiwa Angela Davis, mwanaharakati wa haki za Wamarekani weusi. Bendi ilipoingia studio ya Wally Heider, San Francisco, mwishoni mwa 1970, mwanamama huyo alikuwa mahabusu akingoja kesi. Mahakama ilimwachia huru 1972. Wimbo una mapigo 15: unahesabu nane, kisha saba, unarudi mwanzo. Mguu unataka kukanyaga pigo la 16, haulikuti, na besi imeshakutangulia. Mzunguko huo unaenda zaidi ya dakika 13 na sijawahi kuuchoka, kwa sababu kila anayeingia anachagua mahali pake. Maupin anashuka na klarineti ya besi, sauti nzito inayokwaruza. Hancock anapitisha kinanda chake cha Fender Rhodes kwenye mashine ya mwangwi mpaka noti zinabaki hewani. Nyuma yao kuna drams mbili (ya pili ni ya Leon Chancler, naye alijiita Ndugu) na tumba za José “Chepito” Areas wa bendi ya Santana. Watu wote hao, na bado hakuna anayemkanyaga mwenzake!

Kwangu hiyo ndiyo siri ya muziki huu kudumu. Miaka ile vyombo vya umeme vilikuwa vipya kwenye jazi, na rekodi nyingi za fyusheni (jazi iliyochanganywa na roki na fanki) leo zinachosha mapema kwa mbio za vidole. Humu mtu anapiga noti tatu, ananyamaza, anamwachia mwenzake. Mpiga besi anayeweza kushika mstari mmoja robo saa bila kuupamba ovyo atapata kazi kwenye bendi yoyote.

“You'll Know When You Get There” ni tulivu, na tarumbeta ya Henderson ndani yake inatosha sababu ya kununua. Upande wa pili ni mmoja tu, “Wandering Spirit Song” wa Priester, unaopita dakika 20. Hapo sitamdanganya mtu: katikati vyombo vinatawanyika, pigo linayeyuka, na aliyezoea kusubiri sebene atainua sindano. Mimi huusikiliza usiku sana, nyumba ikishalala, na nyakati hizo ndio ninaoupenda kuliko yote.

Kama unanunua santuri iliyokwisha tumika, ikague vizuri chini ya taa. Kuna sehemu za kimya nyingi, na mikwaruzo inazifunika kabisa. Kwenye spika ya simu usijaribu, besi ya Williams haitasikika na utakuwa umesikia nusu ya kazi. Tafuta spika kubwa au hedifoni nzuri.

Ukiipenda, endelea na Crossings ya 1972, ambapo Patrick Gleeson anaingia na sintesaiza, mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme, kisha Sextant ya 1973. Mwaka huo huo Hancock aliivunja bendi kwa sababu gharama za kuitunza zilimshinda, akaanza safari ya Head Hunters. Anayetaka kucheza dansi aanzie huko. Mpiga besi aanze na “Ostinato”, gita likiwa mkononi, ahesabu kwa sauti mpaka 15 ziache kumtoroka.