Clouds FM kutoka kwenye meza ya cherehani

Mimi ni fundi nguo Magomeni, na redio kwangu ni kifaa cha kazi kama mkasi. Mshale wangu umeganda 88.5, masafa ya Clouds FM hapa Dar es Salaam, miaka mingi.

Sisi tulikulia Radio Tanzania, redio ya serikali, basi. Miaka ya 90 milango ikafunguliwa: Radio One ikaja 1994, na mwisho wa muongo ikaja Clouds, iliyotokana na disko la Joseph Kusaga. Hilo la disko ndilo siri yao, walijua kumchezesha mtu kabla ya kujua kumsomea taarifa. Bongo Fleva, ambayo wazee waliiita uhuni, wao waliipiga mchana kweupe, kisha Fiesta, tamasha lao la muziki, ikaipeleka mikoani. Ruge Mutahaba, mmoja wa viongozi wa Clouds, alipofariki Februari 2019 nilisimamisha mashine, nikasikiliza tu.

Asubuhi nakatia sare za shule kwa Power Breakfast, kipindi chao cha asubuhi. XXL, kipindi chao kingine, ni ya vijana wangu wa vifungo. Mimi hutoka kunywa kahawa.

Nyota nne. Ya tano nimeibania, maana taarabu nikiitaka nahamia kibarazani kwa jirani.